Ratiba ya Maziwa na Mzigo wa Antony

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimemaliza! Saa tano asubuhi, kabla hata ya chai. Ofisi nzima ya Embu sasa itajua kuna fundi humu ndani.

Niandike vizuri, ili siku moja watu wajue jinsi ilivyokuwa. Tuna mtambo ndani ya kompyuta unaounganisha vipande vya app yetu ya wafugaji na kutoa app iliyokamilika. Mimi nimeuandikia programu-jalizi, kijiprogramu cha kuupachikia kazi mbili mpya. Kazi ya kwanza ni kuchota ratiba ya lori la maziwa kutoka kwa chama cha ushirika. Ya pili ni kuipakia hiyo ratiba ndani ya app. Mfugaji anafungua simu, anaona lori linapita lini. Ufundi mtupu!

Rwamba, jirani yangu wa meza, mtu wa Gachoka mwenye chupa ya uji isiyoisha, aliniuliza kama nimeuambia mtambo kuwa kazi ya pili ingoje ya kwanza. Nilimjibu kwamba nimeziandika kwa mpangilio, ya kwanza juu, ya pili chini, na kwamba hata mtoto wa nasari anasoma kutoka juu kwenda chini. Akanywa uji. Wivu tu.

Jambo kubwa lenyewe ni hili. Madam Angeline, mkubwa wetu, anafungua ofisi Nkubu mwezi wa Januari. Atakayeisimamia ni mimi au Rwamba. Ataamua Jumatatu ijayo, app ikishaundwa mbele ya wazee wa ushirika. Nkubu ni kwetu. Tena ni kwao Kananu, mpenzi wangu, na babake ameshasema hamtoi binti kwa mkwe wa kuonekana mwisho wa mwezi. Jumamosi hii tunakwenda kwao kubisha hodi. Lazima niipate hiyo kazi. Lazima!

Jumanne, 4 Novemba

Madam Angeline alijaribu kuunda app kwenye kompyuta yake. Ukurasa wa ratiba ukatoka mweupe pe. Aliniita, akanionyesha, akasema, "Mutuma, hii kitu iko empty."

Kwenye kompyuta yangu ilikuwa na ratiba! Nimeunda mara tisa, ratiba ipo mara tisa. Nikamwambia Madam kwa heshima zote kwamba labda kompyuta yake imezeeka. Ilinunuliwa Agosti.

Nimepata mpango. Jumatatu nitabeba kompyuta yangu mwenyewe. Nilimweleza Rwamba, akauliza kama wafugaji elfu nne nao watakuja kutumia kompyuta yangu. Kuna watu hupenda maswali.

Jumatano, 5 Novemba

Nimegundua kitu! Mtambo hauzifuati kazi kwa mpangilio wangu hata kidogo. Unaziachilia zote mbili kwa pamoja, kila moja ishike njia yake. Kupakia kunamaliza, kuchota bado kuko barabarani. Adabu mbaya, lakini dawa ninayo: nimeiambia kazi ya kupakia isinzie kwanza sekunde thelathini.

Mara ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa! Nikainuka, nikajinyoosha karibu na Rwamba ili aone. Kisha mvua ikashuka, mtandao ukaanza kujikokota, na mara ya nne ukurasa ukatoka mweupe. Nikaongeza usingizi hadi dakika mbili. Mweupe. Dakika tano. Mtambo ukakata tamaa na kujizima wenyewe.

Kananu amepiga simu kuuliza kama mambo ya Jumamosi yako tayari. Nimemwambia kila kitu kiko sawa. Sijui kwa nini niliinua sauti.

Alhamisi, 6 Novemba

Usingizi nimeufuta. Mpango mpya ni mtamu zaidi. Nimechukua ratiba moja kwa mkono wangu, nikaichomeka katikati ya programu-jalizi. Sasa kazi ya kupakia ikikosa ratiba mpya, inajichukulia hiyo. Ukurasa hauwezi kutoka mweupe tena, mvua inyeshe au isinyeshe.

Nimejaribu kwenye kompyuta zote sita za ofisi. Zote zina ratiba! Madam Angeline alifurahi mpaka akaituma app kwenye simu ya mamake, ambaye ana ng'ombe watatu kule Runyenjes. Nilimwangalia Rwamba kwa huruma. Aliuliza hiyo ratiba ni ya mwezi gani. Nikamwambia ratiba ni ratiba.

Jioni nimepanga ya Jumamosi. Baba mdogo Kaimenyi ndiye msemaji. Mama ataleta vyakula na leso. Binamu yangu Antony, aliye Maua, ataleta nchoolo, ule mzigo wa miraa ya heshima unaofungwa kwa majani ya mgomba. Nimewatumia wote orodha moja: jina, kitu cha kuleta, mahali. Kila mtu ajitegemee, tukutane langoni. Hivyo ndivyo watu wa kompyuta tunavyofanya mambo.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbaya. Ratiba ilikuwa ya Oktoba.

Mwezi wa Oktoba lori lilikuwa likipita Runyenjes siku ya Ijumaa. Mwezi huu halipiti. Mamake Madam Angeline alisimama kando ya barabara na mtungi wa maziwa tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Wapita njia walimpa pole. Maziwa yakaganda. Alimpigia Madam simu, na Madam akaweka sauti nje ili nami nisikie. Mama huyo ni Mkristo na hakutukana, lakini aliomba kwa Mungu kwa kirefu, na jina langu lilikuwa ndani ya maombi.

Madam aliniambia kwamba nikirudia hayo Jumatatu, Nkubu inakwenda kwa Rwamba. Rwamba akasema kule kuna baridi. Lakini hakusema hataki! Nilikaa chooni robo saa. Nimeogopa kweli. Si kazi tu. Nikiikosa Nkubu nimemkosa Kananu.

Jumamosi, 8 Novemba

Tulifika kwao Kananu saa nne kamili. Mama alikuwepo na vyakula. Baba mdogo alikuwepo na kofia na fimbo. Nchoolo haikuwepo, wala Antony.

Babake Kananu alitukaribisha vizuri sana. Tukapewa chai. Tukaongea juu ya mvua. Tukapewa chai tena. Tukaongea juu ya parachichi. Saa sita tulikuwa bado kwenye parachichi! Mimi nilikohoa, nikaanza kusema kwamba sisi tumekuja kwa ajili ya binti. Baba mdogo alinikanyaga mguu. Mzee akaniuliza kama ng'ombe wetu wanakamuliwa vizuri, na nikaona mwenyewe kwamba sijasikiwa.

Nikatoka nje kumpigia Antony. Alikuwa nyumbani Maua! Amevaa suti, mzigo uko mezani umefungwa, anangoja nimwambie lini aanze safari, maana orodha haikutaja saa. Mimi huku nilikuwa nangoja afike. Nikakimbia sokoni Nkubu, nikanunua miraa ya kutafuna kwenye mfuko wa plastiki. Baba mdogo aliuona ule mfuko, akaufunika kwa kofia yake haraka kabla mzee hajageuka. Kananu alichungulia kutoka jikoni, akashika kichwa.

Tuliaga saa tisa. Tumekunywa chai tu. Njiani niliuliza kwa nini tusingeongea na mzigo uje baadaye, kwani sote tulikuwa tumefika. Baba mdogo alisimamisha gari kabisa.

"Wewe Mutuma, hata mkifika mia moja. Mzigo ukishapokelewa ndio mdomo unafunguliwa. Hayo mengine yote yanangoja huo mzigo. Na kama hakuna mtu alimwambia huyo kijana tunamngoja, angejuaje?"

Nikapiga kelele. Yanangoja! Kupakia kunangoja kuchota, na mimi sijauambia mtambo! Kuandika moja juu na nyingine chini si kuziambia zingojane. Mama alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumapili, 9 Novemba

Mstari mmoja! Nimeongeza mstari mmoja tu: kile kinachopakiwa ni kile kilichochotwa. Mtambo wenyewe ukaelewa kwamba kazi ya pili haina pa kuanzia mpaka ya kwanza iishe. Ratiba ya Oktoba nimeing'oa.

Baada ya kanisa nilipiga moyo konde, nikampigia Rwamba. Alikuja ofisini na chupa yake. Alifuta mabaki yote kwenye kompyuta yangu, na hapo ndipo nilipoona kwamba zile mara tisa za mwanzo nilikuwa napakia ratiba kuukuu iliyobaki humo bila kujua. Tukaunda upya. Tukaunda mvua ikinyesha. Tukaunda kwenye kompyuta ya Madam. Ratiba ya Novemba kila mahali! Rwamba akanimiminia uji. Ni mzuri, sikuwa najua. Alisema kwa upole kwamba aliniuliza jambo hilo hilo siku ya kwanza. Simkumbuki akiuliza.

Antony ametuma ujumbe. Bado anauliza kama aanze safari.

Jumatatu, 10 Novemba

Nkubu ni yangu!

App iliundwa mbele ya wazee wote wa ushirika, bila kukwama. Madam Angeline akampigia mamake papo hapo. Mama alikuwa kando ya barabara, na tukasikia lori likifunga breki. Aliuliza kama bado niko kazini. Madam akasema niko, tena napandishwa. Rwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi, na akasema Mungu amemwepusha na ile baridi. Nilitokwa na machozi kidogo. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Kananu naye amesema babake aliuliza kwa siri tunarudi lini. Ametandika hata meza ya kuwekea mzigo!

Basi tunarudi Jumamosi hii, na safari hii sibahatishi. Kadi za harusi nimeagiza zichapishwe leo, tarehe 13 Desemba, maana mzee atakubali tu. Orodha mpya nimeiandika ukurasa wa nyuma wa shajara hii, kwa mpangilio mzuri kabisa. Namba moja, Antony na mzigo. Namba mbili, baba mdogo. Namba tatu, Mama na vyakula. Sijampigia Antony simu, wala hakuna haja. Jina lake liko juu kabisa.