Posa ya Mbege Guangzhou

Thadeo alipoionja mbege ya Natalia, ghorofa ya tisa nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, aliona riziki. Wanafunzi wa Kitanzania waliojaa mji huu walikuwa wamechoshwa na bia za makopo, wanaililia pombe ya ndizi ya kwao. Kilichokosekana ni resipi tu, naye Natalia, Mchaga wa Marangu, alikuwa amewanyima hata shoga zake, sembuse Thadeo wa Mwanza mwenye maneno matamu.

"Dada'ngu, nataka kuoa," Thadeo alisema, akainamisha kichwa kama mtu mwenye haya. Haya zenyewe alizisahau Mwanza zamani. "Binti ni Mchaga. Nitaendaje kwao bila mbege niliyopika mwenyewe?"

Natalia akachungulia kabati la vyombo. "Leta ndizi mbivu. Na masufuria makubwa, yangu madogo."

Thadeo akaleta masufuria, ndoo, na ndizi mkokoteni mzima. Akafundishwa kuzichemsha mpaka ziwe nyekundu, kuziacha zichachuke, kuzichuja, kisha kutia uji wa kimea cha ulezi. Pombe haijaiva, tayari ametangaza kwenye kundi la Watanzania la WeChat: mbege halisi Jumamosi, mtafuteni Thadeo.

Jumamosi alipofuata mzigo wake, alimkuta mzee mmoja kaketi kimya, bilauri mkononi. Natalia kajifunga kitenge kipya.

"Huyu mjomba wangu. Ameshakunywa. Amekubali."

"Amekubali nini?"

"Posa. Umeleta mbege uliyopika mwenyewe kwa Wachaga, tena nyumbani kwa binti mwenyewe. Au kuna binti mwingine ulimtaja?"

Hakumtaja. Tena Mwanza alikuwa na mke, na binamu wa mke yumo kwenye kundi lile lile la WeChat. Thadeo aliogopa kweli.

"Shikamoo mjomba, hapa pana makosa kidogo..."

Mjomba alikunja uso tu.

"Kuvunja posa kuna faini," alisema Natalia. "Pombe inabaki, vyombo vinabaki, na wateja wako uwaambie waje kwangu. Hutaki, tupige picha ya uchumba niirushe kwenye kundi."

Thadeo aliwarekodia wateja ujumbe kwamba mbege iko kwa Natalia, akatoka mbio bila kungoja lifti. Hajafika ghorofa ya nane, akasikia mjomba akiangua kicheko.

"Aki Natalia, hii kitu ni kali! Niongezee kidogo nirudi sokoni Zhanxi, viatu vyangu havijiuzi."

"Polepole, Gitau, utalewa."

Gitau! Mchaga gani anaitwa Gitau? Hasira zilimpanda Thadeo mpaka masikio yakawaka. Akageuka, akapanda ngazi mbili tatu kwa kishindo, kisha akasimama. Akifika pale mlangoni atadai nini, masufuria au mchumba?