Mita Mbili za Sarafu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza Mpango wa Miaka Ishirini. Noti huchakaa, huloa, huliwa na panya. Sarafu? Chuma! Mke wangu ana kopo la maziwa limejaa sarafu za kununulia cherehani. Zimerundikwa shaghalabaghala, zinalia kila kopo likiguswa, majirani wote wanasikia. Nikamwomba nizipange kitaalamu. Akasita sana. Akasema sawa, ila Jumamosi saa sita lazima amlipe muuzaji, la sivyo cherehani inakwenda kwa mtu mwingine. Nikamtoa hofu. Akaguna.

Jumanne, 4 Machi

Nimesokota sarafu hamsini hamsini kwa kurasa za daftari. Vidole vimegandana kwa gundi. Shemeji, kaka yake mke wangu, karani wa benki, alipita akacheka mpaka akakaa chini. Wivu tu! Nikanunua bomba la plastiki la mita mbili. Misokoto ikaingia barabara. Nafasi iliyobaki nikajaza mchanga, zisilie. Vifuniko huku na huku, gundi ya mafundi bomba, ile isiyobanduka. Nikalipaka tope, nikalilaza nyuma ya nyumba kwenye mabaki ya ujenzi. Mwizi gani ataiba bomba?

Jumatano, 5 Machi

Nimekumbuka Jumamosi. Miaka ishirini na Jumamosi havipatani hata kidogo. Si neno. Ijumaa nitalikata kwa msumeno, nitoe fedha, mpango uendelee na bomba lingine.

Alhamisi, 6 Machi

Jamani! Nimerudi kutoka kazini kupaka nyumba rangi, madoa bado kichwani, nikalikuta bomba langu limesimama katikati ya ua! Zege chini, kamba juu, mashuka ya mama mkwe, tunayeishi naye, yanapepea. Kumbe alimwita fundi mwashi, jirani yetu, amtengenezee nguzo ya kuanikia. Mama mkwe akanisimulia kwa furaha kwamba mabomba mengine yote yalikuwa mepesi, hili peke yake limeshiba. Nikampongeza. Ningefanyaje?

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilimweleza mama mkwe kwamba nguzo ile itavuta radi. Akaniuliza tangu lini plastiki ikavuta radi. Mchana nikadai imepinda. Akamwita mwashi, akaja na timazi, akaipima kwa uzi wake. Imenyooka! Kwa usalama akaongeza karai mbili za zege na bili akaniletea mimi. Mke wangu kaniuliza fedha ziko wapi. Nikasema zimesimama imara. Sikudanganya.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tano. Mke amevaa, mkoba mkononi. Shemeji amekuja kumsindikiza. Sikuwa na njia. Nikachukua msumeno, nikaomba radhi kwa mama mkwe, nikakata. Mashuka chini! Mama mkwe akapiga yowe kwamba mkwewe amerukwa na akili. Kisha bomba likatema mchanga, na sarafu nyuma yake.

Mke wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Akapiga magoti akaokota moja moja, machozi yanamtoka, bila kunitukana. Afadhali angenitukana. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Zikapungua sarafu mia na arobaini, zote zimebaki ndani ya zege. Shemeji akatoa noti mfukoni, akajazia bila hata kunitazama. Wakatoka mbio. Wamefika saa sita kasoro dakika nne.

Jumapili, 9 Machi

Cherehani inanguruma tangu alfajiri. Mke ameshona foronya mbili na kuimba. Mimi ananiita Mwenye Nguzo. Amenisamehe nusu, nadhani. Nimeshinda na patasi na nyundo nikichimbua zilizobaki. Nimezipata zote, mia na arobaini, za kumrudishia shemeji.

Wakati nachimba nimetafakari sana kosa langu. Nimeligundua! Kosa lilikuwa kutumia kitu kinachoweza kusimama. Kikisimama tu, watu wanakifunga kamba. Bahati nzuri mama mkwe analalamika kwamba mlango wa jikoni hauna kipandio, anajikwaa kila siku. Nimejitolea kukimwaga mwenyewe kwa saruji. Amefurahi, amenibariki, amesema kumbe nina akili.

Misokoto mitatu, wa mwisho pungufu, iko ndani ya kipandio tayari, imetulia. Shemeji anakuja kesho asubuhi kuchukua fedha zake. Nitamwambia azidi kuvumilia kidogo, saruji bado haijakauka.