Bia Ilikuwa ya Vitunguu

Hivi, vitunguu vinakunywa bia? Leo nimeulizwa swali hilo jikoni kwetu, hapa mjini Baraka, na mimi na digrii yangu nikakosa jibu. Nimeumbuka, jamani. Kuanzia utosini hadi unyayoni.

Shangazi yake Wilondja, mchumba wangu, alikuwa anakuja kuonja mkono wangu. Ndiyo desturi: kabla posa haijaletwa, shangazi anakuja kula kwa binti, kisha anarudi kwao na hukumu. (Na Wilondja, nani amempima? Nimeuliza. Bado nasubiri.) Shangazi mwenyewe ni mke wa mchungaji. Akikataa yeye, ukoo mzima umekataa, na mimi nampenda huyo kijana.

"Pika samaki na bugali, basi," mama akasema.

Basi? Mimi? Samaki nani hawezi kupika hapa? Nikaamua kukaanga vitunguu vya duara, vile vya kwenye simu. Wiki iliyopita nilivijaribu, vikawa na ladha ya karatasi. Safari hii nikatia pilipili na ndagala, wale dagaa wakavu, wa kusaga. Simu nayo ikanishauri: usikoroge unga kwa maji, koroga kwa bia baridi.

Nikanunua chupa moja, nikaificha ndani ya kitenge kama mwizi wa kuku. Kuifungua tu, ikanirukia kifuani! Blauzi ikanywa kwanza, unga ukafuata. Iliyobaki nikaiacha chupani, chini, kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Tayari nilikuwa nimekata vitunguu kumi na vinne, macho mekundu kama mawese.

Mgeni akafika. Mama akampelekea sahani sebuleni. Nikamsikia shangazi:

"Hii ya tundu iko nini? Ya katikati nani alikula?"

Kutafuna. Kisha: "Ee! Iko tamu! Ongeza!"

Sahani ya pili ikaenda. Nikajiona mshindi. Ndipo akaja jikoni mwenyewe kunishukuru.

Nikainuka haraka kumpokea. (Saa nzima nimekaa kwenye kibao kifupi. Mguu wa kushoto ulishakufa ganzi.) Nikapepesuka, nikamwangukia begani. Akanusa blauzi. Akatazama macho yangu. Akatazama chupa.

"Mutoto wangu, unakunywaka?"

"Hapana, mama! Ile iko ya bitunguu!"

"Bitunguu binakunywaka pombe?"

Jibu la kweli lilikuwa: ndiyo, mama, na wewe umemaliza sahani mbili. Nichague sasa: niwe mlevi, au niwe msichana aliyemlisha mke wa mchungaji bia? Mimi ninayedai ushahidi kwa kila mtu, leo ushahidi ulikuwa nguoni, machoni na miguuni.

Nikainamisha kichwa. "Unisamehe, mama."

"We Riziki!" Mama yangu alikuwa mlangoni, mikono kichwani. "Ulianza lini?"

Nikapigishwa magoti palepale. Mkono mmoja wa shangazi ukatua kichwani pangu kufukuza pepo wa pombe. Mwingine ukaingia kwenye beseni la vitunguu.

"Toka!" Krach. "Toka ndani ya huyu mutoto!" Krach, krach.

Majirani wakajaa ukutani kuchungulia. Maombi yalikwisha beseni lilipokwisha, si kabla.

Akanifuta machozi kwa kitenge chake. "Posa italetwa," akamwambia mama. "Mutoto wa kulia hivi iko na moyo wa kutubu." (Yalikuwa ya vitunguu.) Ila ana masharti mawili. Jumapili nisimame kanisani nitoe ushuhuda namna nilivyoacha pombe. Na nisije mikono mitupu: "Ulete na bile bitunguu, beseni nzima, bamama ba kwaya baonje. Ufanye vilevile, usibadilishe kitu!"

Msicheke, nawaomba. Nitafutieni tu mtu wa kuninunulia chupa tatu kabla ya Jumapili. Mimi nimeokoka, siwezi kuonekana pale baa.