Kufutwa kwa Kipeo Hasi

Kitengo cha Namba za Maendeleo kinautangazia umma kwa fahari kubwa kwamba tangu Jumatatu iliyopita kipeo hasi kimefutwa. Mwananchi atakayekutwa na alama ya kutoa juu ya kumi aisalimishe ofisini kwangu kwa hiari. Mimi ndiye Katibu wa Kitengo, na wino mweupe wa kufutia ninao.

Hatukukurupuka. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, rangi ya vibao haijakauka, Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Octavian, alipotembelea kidato cha kwanza katika kijiji cha Daudi. Ubaoni Mwalimu Konsolata alikuwa ameandika: unene wa karatasi, 1 × 10⁻⁴ m.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Mwalimu akasema.

"Marahaba. Hii hasi hapo juu ni ya nini? Mkoa mchanga hivi, wewe unafundisha watoto kurudi nyuma?"

"Si kurudi nyuma, mzee. Inasema kitu ni kidogo. Kumi kipeo nne ni elfu kumi. Ukiweka hasi, unagawanya moja kwa elfu kumi."

"Mkoa huu hauna mambo madogo! Futa."

"Nikifuta, karatasi inakuwa na unene wa kilomita kumi. Inaupita Mlima Hanang."

"Si ndiyo maendeleo yenyewe?"

Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu, lakini nilipiga kwa niaba ya wote.

Mwalimu hakufuta. Kitengo kikampa uhamisho: lori lingemchukua Ijumaa kumpeleka Balangdalalu. Akaja ofisini kwa miguu kutoka Endagikot, anakomuuguza mama yake asiyeweza kuinuka kitandani.

"Nikiondoka, mama atageuzwa na nani?" aliuliza, machozi yakimlenga.

Mheshimiwa aliguswa mno. Akaagiza lori lije na nafasi ya godoro.

Wiki hiyohiyo fundi alikuja kupima ufa ulio ukutani nyuma ya kiti cha Mheshimiwa. Akaandika upana wake, 3 × 10⁻³ m, yaani milimita tatu, akaomba saruji kidogo. Mimi sina upendeleo. Nikatoa wino wangu, nikaifuta hasi, Mheshimiwa akasaini bila kusoma, na taarifa ikaenda mkoani.

Jibu lilifika Ijumaa asubuhi. Mkoa umeshtushwa na ufa wenye upana wa kilomita tatu. Ofisi ifungwe leo. Mkurugenzi aokolewe kwanza, apelekwe mbali na ufa, Balangdalalu, kwa gari lolote lililopo, akae huko hadi ufa uzibwe.

Mheshimiwa alikaa chini akaandika haraka kwamba ufa ni mita 3 × 10⁻³ tu. Barua ilipita mezani kwangu. Kwa masikitiko niliifuta ile hasi, kwa sababu tangazo la kufuta kipeo hasi lilikuwa na saini yake.

Gari lililopo lilikuwa lori. Kando yake alisimama Mwalimu Konsolata na godoro lake.

"Mwalimu, dada yangu," Mheshimiwa akamsihi, "hebu waeleze mkoani. Wewe una lugha nzuri. Waambie ni kaufa kadogo tu, kadogo sana."

Mwalimu akalitua godoro.

"Pole, mzee. Mkoa huu hauna mambo madogo."

Mheshimiwa akapanda, lori likaondoka. Kwa kuwa lori limechukuliwa na ofisi imefungwa, uhamisho wa Mwalimu umeahirishwa hadi ufa uzibwe. Kwa ufa wa ukubwa ule, Kitengo kinakadiria atastaafia Daudi.