Kimbunga Nilichokipandisha Kinole

Jamaa zangu wa darasa la jioni, leo nimepatikana. Mchana kweupe, mbele ya wakwe, mbuzi wakishuhudia. Nawaandikia mapema kabla Shomari hajafika mjini kuwasimulia kwa namna yake, maana yule huongeza chumvi. (Mimi siongezi. Mnanijua.)

Mnakumbuka jana pale dukani, tulivyoizunguka redio kama inzi kwenye fenesi lililopasuka? Ikasema kimbunga kinajikusanya baharini upande wa kisiwa cha Bukini, vyombo vijihadhari, na njia yake bado haijulikani. Ninyi mkaenda kula. Mimi nikabaki nimesimama. Haijulikani? Haijulikani kwa nani? Mimi si nina cheti cha somo la hali ya hewa?

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka posa ya Mwajuma kule Kinole. Na Waluguru mnatujua: baba wa binti atakupa kiti na maji ya kunywa, lakini neno ni la mjomba. Na Mjomba Mkude si mtu wa mchezo. Wachumba waliotangulia aliwarudisha wote kwa sababu moja: eti haoni watamfaa nini. Nikasema, mimi nitamfaa kwa elimu. Nikakivaa shingoni kwa kamba ya katani kile kipimahewa changu cha shaba, nilichoachiwa na bwana mmoja wa shamba la mkonge aliporudi kwao. Kinafanana na saa, ila kina mshale mmoja, na badala ya tarakimu kimeandikwa shwari, mvua, dhoruba. Mshale ukisimama juu, hewa ni nzito, hali ni shwari. Ukishuka, hewa imepungua uzito, dhoruba inakuja. Ukizidi kushuka, dhoruba inazidi nguvu. Ndivyo alivyotufundisha mwalimu. (Somo lilikuwa na sehemu ya pili, ambayo mimi niliisikiliza nikiwa nimefumba macho. Tutafika huko.)

Lori likatushusha Mkuyuni. Nikatazama mshale: shwari kabisa. Shomari, mshenga wangu, akajitwika kikapu cha zawadi, kanga na sukari, tukaanza kupanda.

Hatujafika mbali, nikachungulia. Mshale umeshuka kidogo.

"Shomari," nikasema, "kimeanza."

"Nini?"

"Kimbunga. Kimegeukia huku."

Shomari akatazama mbingu. Mbingu ilikuwa nyeupe kama kanzu ya Idi. "Mbona jua linanichoma?"

"Hiyo ndiyo hila yake."

Tukazidi kupanda. Mshale ukazidi kushuka. Kwenye kona ya migomba ukaingia kwenye mvua. Kwenye maporomoko madogo ukaingia kwenye dhoruba. Tulipofika kwenye minanasi ya kwanza ya Kinole, ulikuwa umelala chini kama mgonjwa! Jamaa, nywele zilinisimama mpaka kofia ikapanda. Tangu dunia iumbwe hakuna kimbunga kilichopata nguvu upesi namna ile. Nikaanza kukimbia. Shomari naye akakimbia nyuma yangu na kikapu kichwani, huku akiuliza tunakimbia nini.

Tukaingia uani kwa Mjomba Mkude tukihema kama mbwa. Alikuwa amekaa kivulini na Bibi, mama yake mzazi. Na juu yao, jamaa, lile paa! Mabati mapya, yanang'aa, ya kwanza mtaa ule. Watu hupita njia ya mbali makusudi ili wayaone.

"Shikamoo mjomba! Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Mnafukuzwa na nani?"

Nikasema, "Mjomba, nimekuja kwa jambo la Mwajuma, lakini kwanza niokoe nyumba yako."

Nikachuchumaa, nikachora ramani vumbini. Huku bahari, huku pwani, hili jiwe ni milima yetu ya Uluguru. Nikaweka punje ya hindi: hiki ndicho kimbunga. Nikawaeleza kwamba kinakula joto la bahari kama mtu anavyokula ugali, kinanenepa, kisha kinatafuta njia. Kwa kawaida huelekea magharibi, halafu hukata kusini. Lakini hiki kimekataa kawaida! Nikaisukuma punje taratibu, ikavuka pwani, ikapita Mikese, ikaanza kupanda mlima...

Kuku wa Bibi akaja akaidonoa. Akameza.

"Basi kimekwisha," akasema Bibi.

Watu wa nyumbani wakacheka. Nyuma ya mlango nikasikia na Mwajuma anacheka. Hapo ndipo nilipokasirika kisomi. Nikakiinua kipimahewa machoni pa mjomba. "Na hiki nacho kimedonolewa?"

Mjomba akatazama kwa muda mrefu. Watu wa huku wamechoshwa na mabwana wa shati jeupe wanaopanda mlima kuwafundisha kulima, kwa hiyo hakuniamini mara moja. Akasema, "Mwanangu, hebu panda mpaka pale kileleni, juu ya migomba yangu. Tazama tena. Kama hali ni mbaya, piga kelele."

Nikapanda mbio. Kufika juu, jamaa zangu, mshale ulikuwa umepita maandishi yote! Umeelekea mahali ambapo hata aliyekitengeneza hakuandika neno, nadhani kwa kuogopa. Nikaweka mikono mdomoni:

"Mjombaaa! Ezua mabati! Yataruka kama mapanga! Yatawakata majirani! Ezuaaa!"

Nikawaona kutoka juu. Mjomba amesimama. Anayatazama mabati yake. Anatazama mlimani nilipo. Kisha akaita majirani. Msumari mmoja mmoja, bati moja moja, wakayateremsha na kuyalaza chini, wakayakandamiza mawe. Mbuzi wakaingizwa chumbani. Wengine wakaanza kukata mikungu ya ndizi mibichi ili upepo usiivunje. Kijiji kizima kinafanya kazi kwa neno langu! Nikajisemea, Athumani, posa imekubaliwa.

Nikateremka nikitembea kama liwali. Katikati ya migomba nikatupa jicho kwenye mshale.

Umepanda.

Nikateremka tena kidogo. Umepanda zaidi. Nikafurahi! Nikaingia uani na habari njema: "Kimepungua nguvu!"

"Kimepungua lini?" akauliza Bibi.

"Nilipokuwa nashuka, bibi."

"Na kilipata nguvu lini?"

"Nilipokuwa napanda."

Bibi akamgeukia mwanawe. Mjomba Mkude, nyundo ingali mkononi, akasema polepole sana: "Hebu panda tena."

Nikapanda. Mshale ukashuka. "Shuka!" Nikashuka. Mshale ukapanda. "Panda!" Safari hii Shomari akaja pamoja nami, na kila hatua alikuwa akiwatangazia walio chini: "Kinakuja! Kinakuja!" Tukageuka. "Kinaondoka! Kinaondoka!" (Huyo ndiye mshenga. Ukiwa na mshenga kama huyo, adui wa nini?)

Na pale pale, baina ya mgomba na mgomba, macho nikiwa nimeyafumbua, ile sehemu ya pili ya somo ikanirudia yote. Sauti ya mwalimu naisikia mpaka sasa: mkipanda mlima, hewa hupungua uzito, kwa hiyo mshale utashuka wenyewe hata kama hakuna upepo wa kuzima kibiriti, msidanganyike.

Msidanganyike!

Ningeweza kukimbilia Mkuyuni. Miguu ilitaka. Lakini nikamwona Mwajuma amesimama mlangoni, juu yake hakuna paa, jua linampiga utosini, ananitazama. Nikaenda mbele ya mjomba, nikavua kofia.

"Mjomba, kimbunga hakipo huku. Kama kipo, kiko hukohuko baharini. Kilichopanda mlima ni mimi."

Kabla hajanijibu, tone moja likaniangukia puani.

Mnajua mvua za Uluguru. Hazina kimbunga, hazina redio, hazina kipimahewa. Huja tu mchana kama mgeni wa kila siku, zinanyesha kiasi, zinakwenda zao. Leo nazo zimekuja kama kawaida yao, na zimekuta nyumba ya Mjomba Mkude iko wazi kama sahani.

Godoro likalowa. Koti lake la sherehe likalowa. Mbuzi wakalowa mle chumbani, wakapanda kitandani. Sukari ya posa ikageuka uji ndani ya kikapu, ikamchuruzika Shomari mpaka kwenye viatu. Majirani wamesimama chini ya migomba, wanacheka hadi wanashikana mabega. Bibi amejifunika ungo kichwani. "Athumani," akaniita, "muulize mshale, hii ni mvua?"

Sikuuliza. Nilichukua nyundo mkononi mwa mjomba, nikapanda ukutani, nikaanza kurudisha mabati. Mvua inaninyeshea, misumari iliyopinda inanichoma, chini watu wananipigia vigelegele kama bwana harusi. Nimepigilia mpaka bati la mwisho. Mvua nayo ikakatika palepale. (Naapa, ilikuwa inanisubiri.)

Niliposhuka, nikamwambia mjomba najua jibu, nichukue kikapu changu niende.

"Uende wapi?" akasema. "Nyumba umeibomoa, mikungu yangu imelala chini mibichi, godoro linatiririka. Nikikuachia uende, kazi yote hii ataifanya nani? Hao wengine niliwarudisha kwa kuwa sikuona watanifaa nini. Wewe, kazi yako naiona mpaka nachoka! Mwajuma utamwoa, na utakaa hapahapa Kinole. Ila hicho kidude sitaki kukiona tena shingoni mwako."

Bibi akakipokea, akakitundika kwenye banda la kuku. Anasema kikae na yule aliyekimeza kimbunga.

Kwa hiyo nimepata mke, jamaa zangu, na kijiji kizima tayari kinaniita Bwana Kimbunga. Nawaomba msinicheke. Na kama mtashindwa kujizuia, chekeeni hukohuko bondeni, maana kitu chochote kikipandishwa huku juu, kinazidi.