Kompyuta Isimamishwe Kazi, Mtunza Stoo Arudishwe

Kwako Mpwa wangu, ambaye kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ni Mkurugenzi wangu,

Kwa undugu, wewe ndiye wa kuniamkia. Kwa cheo, mimi ndiye. Tuhesabu kwamba tumekwisha kuamkiana, tuingie kazini. Mimi ni mzima, ila nimeudhika.

Naandika kuhusu ile programu ya kupanga uzalishaji uliyotuletea mwezi wa tatu. Wafanyakazi wameibatiza jina la Mkwe, kwa sababu imekuja kukaa, haijibiwi, na kila anayeingia chumbani mwake hutengeneza shati kwanza. Wiki iliyopita tulimaliza ndoo elfu nne za lita ishirini, ndipo tukagundua kuwa hazina vishikio. Mkwe alisema stoo kuna vishikio 4,200. Vilikuwepo 310. Mtunza stoo amesimamishwa kazi, na Ijumaa kamati inakaa kumfukuza kwa wizi, kana kwamba mama wa watu anaweza kutoka getini na vishikio karibu elfu nne ndani ya pochi. Mkwe naye yuko palepale mezani, anapigwa na feni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkwe anaamini watu. Mimi nimepanga kazi ya kiwanda hiki kwa daftari miaka ishirini na miwili, na kazi yenyewe ilikuwa kujua nani anadanganya kwa kiasi gani. Fundi mashine akisema mashine itapona kesho, mimi naandika Alhamisi. Mama wa vifuniko akisema amebakiwa na mia tano, naongeza mia mbili, maana huwa anaficha visije vikamwishia. Dereva wa lori akisema yuko njiani, najua bado hajaoga. Mkwe aliambiwa lori liko njiani, akaita zamu nzima ya watu thelathini. Walikaa juu ya magunia matupu hadi saa nane mchana, wakisifu teknolojia.

2. Mkwe ni mdadisi kupita shangazi. Mashine ikisimama dakika tano anataka sababu, na sababu lazima uichague kwenye orodha yake. Kwenye orodha hiyo hakuna kuchoka, hakuna kwenda msalani, wala kumpa pole mwenzako aliyefiwa. Kwa hiyo fundi mashine huchagua "hitilafu ya umeme", kwa kuwa ndiyo ya kwanza. Mwisho wa mwezi ripoti ikakuonyesha hitilafu kumi na moja, nawe ukaleta mafundi wa umeme wakabomoa ukuta uliokuwa mzima. Ukuta ule haukumkosea mtu.

3. Ametuamuru tutengeneze ndoo nyekundu kwa wingi, eti mwaka jana wateja walizipenda. Mwaka jana wateja walichukua nyekundu kwa sababu rangi ya buluu ilituishia. Imo kwenye daftari langu, ukurasa una doa la chai. Mkwe hakuuliza.

4. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alitugawia sisi majembe, yeye akakaa. Sina la kuongeza hapa.

5. Sasa vishikio, na hapa nakuomba usome polepole. Mtunza stoo aliona rafu imekonda kabla hata ndoo ya kwanza haijatoka. Alikuja ofisini mbele ya watu, akasema: "Kompyuta inasema vipo, macho yangu yanasema havipo. Nifuate kipi?" Akaambiwa afuate kompyuta. Akafuata. Basi mtu ameona kweli, ameisema, ametii, na ndiye anayefukuzwa. Mpwa wangu, hili limenikera hadi chakula hakipiti.

Kwa hayo, naomba kwa heshima zote: Mkwe apewe barua ya onyo, nakala tatu, moja ibandikwe usoni pake. Ijumaa aletwe mbele ya kamati pamoja na nyaya zake, ajieleze vishikio alivihesabia wapi. Akishindwa, asimamishwe kazi bila marupurupu, na feni yake apewe mtunza stoo. Akiomba radhi na ikaonekana ametubu, aanzie getini kuhesabu magari kama tulivyoanza sisi wote, na baada ya miaka kumi tutazungumza. Daftari lirudi mezani leo.

Nisalimie mama yako, mwambie dada yake mdogo ameshapona. Wasalimie mkeo, watoto, katibu muhtasi ambaye najua ameisoma barua hii kabla yako, na mlinzi wa ghorofani.

Ni mimi Mjomba wako, na mtumishi wako mtiifu hadi kengele ya saa kumi na moja,
Msimamizi wa Uzalishaji

N.B. Nilikwisha kusaini, nikafungua daftari ili nikunakilie ushahidi. Ukurasa wa siku ya kuhesabu stoo umeandikwa kwa mkono wangu: vishikio 4,200. Siku hiyo mtunza stoo alikuwa hospitali akimuuguza mama mkwe wake. Mimi nilisimama mlangoni, nikaangalia maboksi, nikakadiria kwa jicho kama nilivyozoea. Sikufungua hata moja. Kumbe mengi yalikuwa matupu. Kisha nikaingiza hesabu kwa neno la siri la mtunza stoo, kwa kuwa langu sijawahi kulikumbuka, ndiyo maana jina lililotokea ni lake. Kompyuta haikukosea. Iliniamini mimi.

Na aliyemjibu afuate kompyuta ni mimi. Nilitaka Mkwe aumbuke mbele yako. Sikufikiri kwamba angetolewa mtu kafara. Nyani haoni kundule.

Ya huko juu yote usiwasomee kamati. Wasomee hapa tu. Mama huyo mpigie simu leo, usingoje Ijumaa, umwambie arudi kazini, na uniachie mimi nimwombe radhi kwa mdomo wangu. Kile kiti mlichomwekea mbele ya kamati msikiondoe. Nitakuja kukikalia.