Tairi la Spea na Matarumbeta ya Kokuberwa

Jumatatu, 5 Agosti

Nimelala na hasira, nimeamka nazo, nimezinywea chai.

Jana kikao cha kamati ya harusi, uani kwa Mzee Sadruddin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Bunju. Yeye ndiye mwenyekiti. Ajenda ya mwisho: usafiri. Orodha ikasomwa. Pikapu ya kubeba matarumbeta, itakayotangulia mbele ya gari la maharusi Jumamosi: Gibson! Pikapu ya kubeba viti na kreti za soda, nyuma kabisa ya msafara: Audax.

Viti! Mimi! Baba mdogo wa bibi harusi, Kokuberwa! Gibson ni jirani tu, tunachangia ukuta. Hana hata tone la damu yake. Ana gari jeupe na tabasamu, basi.

Kisa chao ni sherehe ya kumuaga binti, ile sendofu ya wiki mbili zilizopita. Ni kweli nilipata pancha pale Boko, wapiga tarumbeta saba wakiwa nyuma. Ni kweli tairi la spea liligoma kushuka. Kwenye pikapu yangu linaning'inia chini ya bodi kwa winchi ndogo yenye mnyororo. Unapenyeza fimbo ya chuma kwenye tundu juu ya bampa ya nyuma, unazungusha, linashuka. Hiyo ni kwa maneno. Kwa vitendo, kutu imekula kila kitu huko chini. Halafu kuna mnyororo wa pili na kufuli, nilivyofunga mwenyewe mwaka juzi Gibson alipoibiwa spea yake sokoni Mabibo. Nilimcheka wiki nzima. Ufunguo sijui uko wapi.

Nililala chini ya gari saa nzima, na suti. Gibson akapita, akawachukua wapiga tarumbeta, wakaondoka wakipiga. Wakanipungia mikono! Kokuberwa akaingia ukumbini bila mimi.

Marehemu kaka nilimwahidi, nimemshika mkono pale wodini, kwamba binti yake atatolewa kwa tarumbeta na mimi nitakuwa mbele. Mbele, siyo nyuma na soda. Nikasimama nikawaambia hivyo. Wengine wakatazama vidole vyao vya miguu. Mzee Sadruddin akakohoa, akatoa hukumu: Alhamisi ni Nane Nane, watu wako nyumbani. Nije uani kwake nishushe tairi mbele ya kamati ndani ya dakika kumi, kwa saa yake. Nikiweza, matarumbeta yangu. Nikishindwa, viti.

Rosalia, mke wangu, anauliza kwa nini nisilitoe tu huko chini nikaliweka juu ya bodi. Eti! Gari lenye tairi juu ya bodi ni gari la mkaa.

Jumanne, 6 Agosti

Fundi Mudathir hana haraka na dunia. Nimemkuta anakunywa kahawa. Amemaliza kikombe, amelala chini ya gari, ametoka, amenawa, ndipo akafungua mdomo. Ushauri wake: tukate kufuli, tuteremshe winchi nzima, tuisugue kutu, tuipake grisi, tubadilishe mnyororo. Kisha achomelee kibomba cha kuiongoza fimbo iende moja kwa moja mahali pake. Na baada ya hapo niwe nalishusha tairi kila mwezi, hata bila pancha, lisije likagandana tena. Kazi ya siku mbili.

Kila mwezi! Nimeoa tairi? Nimemwambia akate kufuli na mnyororo wake tu, mengine aniachie. Amekata. Akasema, "Sawa mzee, gari lako." Sikuipenda ile sauti.

Nyumbani grisi hakuna. Mafuta ya kupikia yapo, lita tatu, Rosalia kayatenga kwa vitumbua vya wageni wanaotoka Bukoba. Mafuta ni mafuta. Nimemimina yote kwenye winchi, nimezungusha. Ikalia. Ikageuka nusu! Nikaongeza nguvu. Fimbo ikapinda.

Jioni sisimizi wamepanga foleni kutoka jikoni mpaka chini ya gari, na mbwa wa Gibson amekuja kulamba bampa yangu. Hata mbwa wake! Rosalia haongei na mimi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata! Saa moja asubuhi, natazama Rosalia akianika nguo (bado haongei), nikapata. Kamba!

Winchi ya nini? Nani kasema lazima kuzungusha? Nimeikata winchi nzima kwa msumeno wa chuma. Tairi limeniangukia kifuani, nimekaa kidogo bila pumzi, si neno. Utaratibu mpya ni huu: kamba inapita katikati ya tairi na kufungwa kwenye kipande cha bomba kwa chini, inapanda juu kupitia tundu nililotoboa kwenye sakafu ya bodi, inapita kwenye puli ya kisima chetu cha zamani, inaishia kwa kitanzi kwenye ndoano karibu na mlango wa nyuma. Mkia wa kamba unabaki nje. Unauvuta mara moja, kitanzi kinafyatuka, tairi liko chini. Sekunde nne! Nimejaribu mara kumi na moja. Huko viwandani wana wahandisi maelfu, na hakuna aliyewahi kuliwaza hili.

Kamba ni ile ya kuanikia. Nguo nimezitandaza juu ya michongoma, zimekaa vizuri tu.

Mudathir kanichomelea ndoano, kisha akaanza. Anataka aniwekee kimnyororo kifupi cha usalama chenye pini, bure, kamba ikifyatuka tairi lisiende popote. Amesema kitu kinachoshuka kwa kuvutwa hakiulizi nani kavuta. Mnyororo tena! Mnyororo si ndio ulioniponza? Nimeondoka bila kuaga.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

USHINDI!

Kamati nzima uani. Gibson akaomba aanze yeye, "kwa uungwana." Akatandika boksi chini, akalala, akazungusha, akatoa pini yake, tairi likashuka. Dakika saba. Akajifuta mikono kwa leso. Leso!

Mimi sikulala. Sikuinama. Nilisimama kando ya gari, mkono mmoja mfukoni, nikavuta. Pu! Mzee Sadruddin alikuwa bado anarekebisha saa yake. Tairi liliangukia ukingo wa kandambili yake, mguu haukuumia, aliuwahi. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Gibson machoni mpaka akaangalia pembeni.

Mzee Sadruddin akatangaza matarumbeta ni yangu. Halafu akanivuta kando, akaniambia taratibu, "Nzuri sana bwana Audax, lakini weka kitu cha pili cha kuzuia. Tahadhari kabla ya hatari." Wamekaa kikao yeye na Mudathir? Bunju nzima ina nini na minyororo? Mtu ukifanya jambo la maana, lazima watafute kasoro.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeosha gari mara mbili. Ndoano nimeipaka rangi nyekundu, mkia wa kamba nimeufunga utepe wa dhahabu wa Rosalia, uonekane. Jeki na spana nimeviacha nyumbani ili wapiga tarumbeta wapate nafasi. Vya nini? Mtu mwenye mtambo kama huu hapati pancha.

Rosalia ameongea. Amesema, "Weka mnyororo, Audax." Maneno matatu baada ya siku tatu, na ndiyo hayo. Nitalala tena na hasira.

Gibson anapanga viti kwenye gari lake. Nimesimama ukutani nikamtazama muda mrefu.

Jumamosi, 10 Agosti

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Kwa hasira, siyo kwa kitu kingine.

Tulitoka kanisani saa tisa. Mimi mbele! Wapiga tarumbeta saba nyuma yangu, vioo vimeshushwa, suti mpya. Barabara ya Bagamoyo, mwendo wa mtu anayetembea. Watu wanatoka madukani, akina mama wanapiga vigelegele. Kwenye kioo naliona gari la maharusi nyuma yangu, lile dogo la chini chini, limejaa maua. Kokuberwa ametoa mkono dirishani ananipungia. Mimi, siyo mtu mwingine! Nikasema, kaka, tazama. Nililia kidogo. Naliandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Sasa yule mpiga ngoma kubwa. Jitu pana. Ngoma yake ilikuwa inateleza kwenye bodi, kwa hiyo akatafuta mahali pa kufungia mkanda wake. Mahali alipopaona ni kwenye mkia wa kamba yangu. Kwa nini? Kwa sababu una utepe wa dhahabu, anasema, alidhani umewekwa kwa ajili yake.

Wimbo wa kwanza, salama. Wimbo wa pili, ule wa kuwachangamsha akina mama, akainyanyua ngoma juu ya kichwa kama wanavyofanyaga. Pu! Nilidhani ni ngoma. Nikapiga honi kwa furaha. Nikaenda hatua hamsini nzima nikipiga honi, ndipo nikatazama kioo.

Gari la maharusi limesimama, pua juu. Tairi langu liko chini ya tumbo lake.

Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini dakika arobaini! Wanaume kumi na wawili wenye suti wamelala lamini, wanavuta, wanasukuma, wanapeana amri. Wakaomba jeki yangu. Ya Gibson ikaletwa, ikashindwa hata kuingia chini. Tairi rahisi kushuka kuliko yote Bunju, na kamati nzima haiwezi kulitoa!

Saa ikawa inakwenda, ukumbi wa Tegeta unasubiri. Mzee Sadruddin akaamua: maharusi wapande kwa Gibson, kiti cha mbele. Lusungu, bwana harusi wetu, akambeba Kokuberwa asichafue gauni. Wapiga tarumbeta wakaruka kutoka kwangu wakaenda kukaa kwenye viti vya Gibson. Wakaondoka wakipiga. Sita hawakunitazama. Yule wa ngoma alinipungia.

Mimi nilibaki na dereva wa lile gari mpaka akapatikana mtu mwenye jeki ya lori. Nilipofika ukumbini keki ilishaliwa. Mshereheshaji alikuwa anamshukuru Gibson kwa mara ya nne, nilihesabu. Nikatafuta mahali pa kukaa. Viti vilikuwa vimeisha.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Kifua kinauma pale tairi liliponiangukia.

Saa nne Kokuberwa amepiga simu. Shikamoo baba mdogo. Nilijiandaa kutukanwa, na nilikuwa na majibu. Hakunitukana. Amesema baba yake angekuwepo angecheka mpaka akae chini, na ni kweli, kaka alikuwa hivyo. Amesema walipofika mlangoni mwa ukumbi aligoma kuingia. Alisimama na maua yake akisubiri nije nimshike mkono, mpaka Mzee Sadruddin akamwambia watu wana njaa. Eti yeye matarumbeta hakuwa na shida nayo. Alinitaka mimi. Hata kwa miguu.

Nilimwambia simu inakatika.

Akapiga tena. Jumatano anahamia kwa mumewe Kigamboni, ana masanduku matatu na kitanda, na hataki yaende na mtu mwingine ila mimi. Ombi moja tu: tairi la spea liwe juu ya bodi, nalo lifungwe. Nikasema sawa, mwanangu. Nimeelewa. Rosalia alikuwa mlangoni anasikiliza, akanimiminia chai bila kuombwa.

Na kweli nimeelewa. Nimekaa mchana kutwa nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila hasira, isipokuwa kwa Gibson, Mudathir, Mzee Sadruddin na yule wa ngoma. Tairi halina kosa. Kamba haina kosa. Kosa ni ndoano kuwa nyuma, mahali ambapo kila mpita njia anafikisha mkono. Ndoano inatakiwa iwe mbele, ndani, jirani na usukani, niwe navuta mwenyewe nikiwa nimekaa. Kwa nini sikuwaza hivyo tangu mwanzo? Na tairi likiwa juu ya bodi, kitanda cha Kokuberwa kitakaa wapi?

Inahitajika kamba ndefu zaidi, ya kutoka nyuma mpaka kwa dereva. Rosalia kanunua mpya, nzuri, ya kijani. Ameanikia mashuka. Nimeyagusa sasa hivi, bado mabichi. Nasubiri yakauke.